Huenda Aliondoka, au Angeweza Kuondoka? Kusema Uwezekano wa Jambo Lililopita kwa Kiingereza

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu inanitaka niandike barua pepe na ripoti kwa Kiingereza kila siku. Nikitaka kusema "huenda aliondoka jana" huwa naandika "He may left yesterday" au "Maybe he could leave yesterday", na zote hunirudia zimepigwa mstari mwekundu. Nimeelekezwa nitumie "may have", "might have" au "could have", ila hakuna aliyenieleza lini nitumie ipi. Tena juzi niliandika "He couldn't have seen the message" nikiwa na maana kwamba huenda mwenzetu hakuuona ujumbe. Msimamizi wangu akaelewa kwamba namtetea na kuthibitisha kuwa hakuuona. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Umeleta makosa ya aina mbili ndani ya swali moja, na kila moja lina dawa yake. "He may left" ni kosa la umbo: sentensi imekosa neno linalobeba wakati uliopita. "He couldn't have seen the message" haina kosa lolote la umbo. Ni sentensi safi kabisa, ila inasema jambo ambalo hukulikusudia. Hilo la pili ni la hatari zaidi, kwa sababu hakuna programu ya kusahihisha maandishi itakayolipigia mstari. Msomaji atalipokea kama lilivyo na kulifanyia kazi. Na kati ya hayo mawili kuna la tatu ambalo hukuliuliza lakini naliona linakuja: "could have" ina maana mbili zinazopingana, na anayefikiri kwa Kiswahili huivuta kirahisi kuelekea "aliweza", ambayo si mojawapo ya hizo mbili.

Tuanze na umbo, kwa kuwa hilo likikaa sawa mengine yatakuwa ya kuchagua maana tu.

Wakati uliopita unakaa kwenye "have"

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba "might" ni wakati uliopita wa "may", na "could" ni wakati uliopita wa "can". Kihistoria ni kweli. Lakini katika Kiingereza cha leo, tunapozungumzia uwezekano wa tukio, "might" imeshapoteza uliopita wake. "He might leave" haisemi "huenda aliondoka". Inasema huenda ataondoka, sawa na "He may leave". "He could leave" nayo ni hivyo hivyo: anaweza kuondoka, kesho au hata sasa hivi. Ndiyo maana "Maybe he could leave yesterday" inamkwaza msomaji: kitenzi kinampeleka mbele, "yesterday" inamrudisha nyuma.

Kwa kuwa kisaidizi chenyewe, yaani "may", "might" au "could", hakiwezi tena kurudi nyuma, Kiingereza kinaweka "have" baada yake, na kitenzi kikuu kinafuata kikiwa katika umbo la tatu, kama "gone" katika "go, went, gone":

He may have left yesterday.
She might have forgotten the password.
They could have taken the wrong road.

Mpangilio huo haubadiliki, na mahali pa kuteleza panajulikana. Kwanza, "have" hubaki "have" hata kama mtenda ni "he", "she" au "it". Usiandike "She might has forgotten" wala "She might had forgotten". Kinachofuata kisaidizi cha aina hii huwa kitupu, hakipokei alama ya nafsi wala ya wakati. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna "to" katikati: "might to have" haipo.

Pili, na hapa ndipo hata walioandika Kiingereza kwa miaka hukwama, ni umbo la tatu, si la pili. "Might have gone", si "might have went". "Could have seen", si "could have saw". Kwa vitenzi kama "left", "called", "finished" tofauti haionekani, kwa sababu umbo la pili na la tatu ni moja. Basi mtu anaweza kukosea kwa muda mrefu bila kujua, mpaka akutane na "written", "taken", "spoken", "begun" au "forgotten". Kuna kikundi kidogo kinachostahili kukaririwa peke yake: "come", "become" na "run". Hivi umbo lake la tatu hurudi kufanana na la kwanza, kwa hiyo ni "He may have come", kamwe si "may have came".

Sasa jambo ambalo huwashangaza wengi. Umeshaambiwa, na ni sahihi, kwamba "He has left yesterday" ni kosa, kwa kuwa "has left" haikai na neno linalotaja wakati uliokwisha. Mbona basi "He may have left yesterday" inakubalika? Kwa sababu baada ya kisaidizi "have" inafanya kazi ya njeo zote za nyuma. Kiswahili kinazitenganisha:

Huenda aliondoka jana. He may have left yesterday.
Huenda ameshaondoka. He may have left already.
Huenda alikuwa ameshaondoka nilipofika. He may already have left when I arrived.

Tazama kitenzi cha Kiingereza katika zote tatu: ni kile kile, "may have left". Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta tofauti ya -li- na -me- ndani ya kitenzi, haimo. Ibebwe na maneno ya pembeni, "yesterday", "already", "when I arrived". Ukiyaacha maneno hayo, msomaji hatajua ni lini, na katika ripoti hilo ni pengo.

Usisahau "been"

Kiswahili kinapokuwa na "alikuwa", Kiingereza kinahitaji "been". "Huenda alikuwa mgonjwa" ni "She might have been ill". "Huenda walikuwa wanasubiri nje" ni "They might have been waiting outside". Ukiandika "She might have ill", sentensi haina kitenzi kikuu.

Kauli ya kutendwa nayo inaitaka "been", na hapa kosa hugeuza mambo juu chini. "Huenda simu iliibiwa" ni "The phone might have been stolen". Ukisahau "been" ukaandika "The phone might have stolen", simu imekuwa mwizi. Kwa "The driver might have injured" msomaji atabaki anauliza dereva alimjeruhi nani, kumbe dereva ndiye aliyejeruhiwa. Kiswahili kinakupa kipimo kizuri hapa: ukiona kiambishi -w- mwishoni mwa kitenzi, kama katika iliibiwa, alijeruhiwa, ilitumwa, weka "been". Kauli ya kutendeka, kama katika ilivunjika, ilifunguka, mara nyingi haiihitaji: "The glass might have broken" ni kioo huenda kilivunjika chenyewe, na "The glass might have been broken" inaacha nafasi ya mtu aliyekivunja. Anayeandika taarifa ya ajali au ya uharibifu wa mali asiipuuze tofauti hiyo.

Tofauti nyingine ndogo: "She may have gone to London" ni huenda amekwenda na bado yuko huko. "She may have been to London" ni huenda aliwahi kufika na akarudi.

Hujui, au unajua kwamba halikutokea?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Kabla ya kuchagua kati ya "may have", "might have" na "could have", jiulize swali moja: je, mimi mwandishi sijui kilichotokea, au najua kabisa kwamba jambo hili halikutokea ingawa nafasi ilikuwepo? Kiswahili kinazitenganisha hali hizi mbili waziwazi. Hali ya kwanza ina "huenda", "labda", "pengine" au "yamkini" pamoja na -li- au -me-. Hali ya pili ina -nge-, -ngeli- au -ngali-: angeweza, angeliweza, ingalitokea. Kiingereza hakina tenganisho hilo katika kila kisaidizi.

"May have" ni ya hali ya kwanza tu. "He may have missed the train": sijui, inawezekana treni ilimwacha. Mpaka ninapoandika, suala bado liko wazi.

"Could have" inabeba zote mbili. Chukua sentensi "She could have taken the wrong train" na uiweke mahali pawili:

She is two hours late. She could have taken the wrong train.
It's good you stopped her. She could have taken the wrong train.

Ya kwanza ni huenda amepanda treni isiyo yake. Ya pili ni angeweza kupanda treni isiyo yake, lakini hakupanda kwa sababu ulimzuia. Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule, na hata sauti haitofautiani sana. Kinachoamua ni sentensi ya jirani. Kwa hiyo "could have" haifai kusimama peke yake kwenye ripoti. Iwekee sentensi inayoonyesha unalijua tukio au hulijui.

"Might have" nayo inaingia kote kuwili, ila katika hali ya pili hupenda kuandamana na sharti: "If you had called, I might have waited", ungepiga simu, huenda ningesubiri.

Kati ya "may have" na "might have" kwa jambo ambalo hulijui, tofauti ni ndogo. Wengi huiona "might have" kuwa na uhakika mdogo kidogo, na katika mazungumzo ndiyo inayokuja haraka mdomoni. "May have" huonekana zaidi katika maandishi rasmi. Utakutana na majedwali yanayogawa asilimia, hiki kina 50, kile kina 30. Usiyategemee. Wenye lugha hawapimi hivyo, na mtu mmoja anaweza kutumia yote mawili katika aya moja bila kukusudia tofauti. Ukitaka kuongeza au kupunguza uzito, tumia neno la wazi: "may well have" ni kwamba dalili nyingi zinaelekea huko, na "might possibly have" ni kwamba ni uwezekano mdogo tu.

Lakini tofauti ya "may have" na "might have" inakuwa kubwa mno pale unapojua matokeo. Linganisha:

The helmet may have saved his life.
A helmet might have saved his life.

Ya kwanza inahusu mtu aliyenusurika: alivaa helmeti, na huenda ndiyo iliyomwokoa. Ya pili inahusu mtu aliyekufa: hakuvaa, na kama angalivaa huenda angalipona. Baadhi ya waandishi, wakiwemo wa magazeti, huweka "may have" hata kwa marehemu, na wahariri makini huibadilisha. Nakuomba uwe upande wa wahariri hao. Msomaji asipate shaka kama mtu yu hai au la kwa sababu ya kisaidizi.

Sasa lile la tatu nililolitaja mwanzoni: "aliweza". Katika Kiswahili "tuliweza kumaliza kazi" ni habari njema, kazi imekwisha. Mtu anaona "could", anaona wakati uliopita unataka "have", anaandika "We could have finished the work on time". Msimamizi akisoma hivyo anaelewa kinyume kabisa: mlikuwa na nafasi ya kumaliza, na hamkumaliza. Atauliza kwa nini. Kwa jambo lililofanikiwa mara moja, andika "We were able to finish the work on time" au "We managed to finish". Na mara nyingi "We finished the work on time" inatosha na ni bora. Hata "could" tupu haifai hapo, kwa kuwa "We could finish the work on Friday" husomeka kama pendekezo la Ijumaa ijayo. Kukanusha hakuna tatizo hilo: "We couldn't finish" ni hatukuweza kumaliza, bila utata.

"Could" tupu, bila "have", ina mahali pake halali katika uwezekano uliopita, nayo ni pale jambo lilipokuwa likitokea mara kwa mara: "In those days a letter could take three months to arrive", zama zile barua iliweza kuchukua miezi mitatu kufika. Hatuzungumzii barua moja. Tukiigusa barua moja tunayoijua, "have" inarudi: "The letter could have taken three months, but it came in two weeks."

"Not" inakanusha nini?

Turudi kwenye ujumbe wako. Angalia Kiswahili kinavyokanusha:

Huenda hakuuona ujumbe.
Haiwezekani kwamba aliuona ujumbe.

Katika sentensi ya kwanza ukanushi uko kwenye kuona: ha-kuuona. Katika ya pili uko kwenye uwezekano wenyewe: ha-iwezekani. Jicho linaona ukanushi umekaa wapi. Kiingereza hakionyeshi hivyo. "Not" hukaa mahali pale pale, mara tu baada ya kisaidizi, na ni kisaidizi chenyewe kinachoamua kinachokanushwa:

He may not have seen the message. Huenda hakuuona.
He might not have seen the message. Huenda hakuuona.
He could not have seen the message. Haiwezekani aliuona.
He cannot have seen the message. Haiwezekani aliuona.

Kwa "may" na "might", "not" inashuka kwenye kitenzi kikuu, uwezekano unabaki. Kwa "could" na "can", "not" inaufuta uwezekano wenyewe. Hakuna mantiki ya kukusaidia kulitabiri hili, ni la kukariri. Na hatari yake ni kwamba katika sentensi ya kukubali visaidizi vitatu vinakaribiana sana, "He may have seen it", "He might have seen it", "He could have seen it", hata mtu akaamini vinabadilishana popote. Mara "not" inapoingia, vinaachana njia. Ulisema "couldn't have" na msimamizi wako akaelewa sawasawa na Kiingereza kinavyosema: una ushahidi kwamba mwenzako hakuuona, kwa mfano simu yake ilikuwa imezimwa au ujumbe ulitumwa kwa anwani isiyo yake.

Kati ya "can't have" na "couldn't have" kwa maana hii, chagua yoyote. "Can't have" inasikika zaidi Uingereza, na huelekea kwa hitimisho unalolifikia sasa hivi ukitazama ushahidi ulio mbele yako. Nchini Marekani "couldn't have" ndiyo ya kawaida. Kwa kufupisha "might not", "mightn't have" ni nadra, na "mayn't" ndiyo haitumiki kabisa, ziandike kamili.

Angalizo: kuna "couldn't have" nyingine ambayo kitendo kilitendeka. "I couldn't have done it without you" ni nisingeweza bila wewe, na kazi imefanyika. "The weather couldn't have been better" ni hali ya hewa ilikuwa nzuri kupita kiasi. Hizi ni za upande wa -nge-, na humo mna sharti lililojificha: "without you".

Majirani wanaochanganywa

Ukiwa na uhakika mkubwa unaotokana na ushahidi, kisaidizi ni "must have": "The lights are off, they must have left". Kiswahili kina namna nzuri sana ya kusema hili, "watakuwa wameondoka", na anayeitafsiri neno kwa neno huandika "They will be left", ambayo maana yake ni wataachwa. Andika "They must have left", au "They will have left by now", ambayo inakaribiana na "watakuwa wameshaondoka" kwa namna ya kupendeza. Kinyume cha "must have left" ni "can't have left" au "couldn't have left". "Mustn't have" utaisikia kwa baadhi ya watu, ila katika maandishi iepuke.

"Must have" haisemi kamwe "ilibidi". "Yesterday I must have gone to the bank" inasomeka kama mtu aliyepoteza kumbukumbu: bila shaka jana nilikwenda benki. Ilinibidi niende ni "I had to go". "Should have" ni alipaswa kufanya, na kwa kawaida hakufanya. Hiyo ni lawama au majuto, si uwezekano. Na ukisikia mtu anasema kwa ukali "You might have told me!", usitafute uwezekano humo. Ni "si ungeniambia!" ile ile yetu.

Kuuliza na kujibu

Swali la uwezekano uliopita huanza na "could": "Could he have left early?" "Might he have left early?" ni sahihi lakini rasmi. "May he have left?" haitumiki, "may" ikianza swali husikika kama ombi la ruhusa. Pamoja na maneno ya kuuliza ni "Where could she have gone?" na, hasa kwa Waingereza, "Where can she have gone?" Hapa na kwenye ukanushi ndipo "can have" inaporuhusiwa. Katika sentensi ya kawaida ya kukubali, "He can have left" haikubaliki.

Jibu fupi linahitaji "have" ibaki. Ukiulizwa "Did he leave?", jibu ni "He might have." Ukisema "He might" tu, umejibu kuhusu baadaye. Kama swali lilikuwa na "was" au kauli ya kutendwa, "been" ibaki pia: "Was it stolen?" "It might have been."

Katika usemi wa taarifa, ule uliopita wa zamani wa "might" bado unaishi. "She said he might be ill" ni alisema kwamba huenda anaumwa, wakati ule ule wa kusema. "She said he might have been ill" inarudi hatua moja nyuma zaidi: huenda alikuwa ameumwa kabla ya hapo. Ukiweka "have" bila sababu katika taarifa ya maneno ya mtu, umeyasogeza matukio nyuma.

Kinachosikika na kinachoandikwa

Katika mazungumzo "have" hapa haitamkwi kamili. Inabaki kama "ev" ndogo iliyobanwa: "might've", "could've". Wako wengi waliozaliwa na Kiingereza wanaoandika "could of" kwa kuwa ndivyo masikio yao yanavyosikia. Ni kosa, usiliige hata ukiliona kila siku mtandaoni. Wengine hupunguza zaidi mpaka "coulda", "mighta". Unaposikiliza, usiitegee "have". Sikiliza umbo la kitenzi kikuu. Ukisikia "gone", "seen", "taken", jua kuna "have" iliyomezwa mbele yake. Na "l" ya "could" haitamkwi kabisa. Haikuwemo katika neno la asili. Iliingizwa katika maandishi baadaye kwa kufananishwa na "would" na "should".

Katika ripoti andika "have" kamili, bila kifupisho.

Sentensi zako, zikiwa zimenyooshwa

"He may left yesterday" iwe "He may have left yesterday". "Maybe he could leave yesterday" iwe "Maybe he left yesterday", na hapa angalia: "maybe" kama neno moja imeshabeba "labda" yote, kwa hiyo kitenzi cha kawaida cha wakati uliopita kinatosha na kisaidizi hakihitajiki. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote pale ulimi unapokuwa mzito. Katika maandishi rasmi badilisha "maybe" kuwa "perhaps". Ila usiunganishe "maybe" na "may have", mfano "Maybe he may have left", kwa sababu umesema huenda mara mbili. Na "may be" kwa maneno mawili ni kitu kingine, ni "huenda ni": "He may be at home."

Kuhusu msimamizi, usiiache sentensi ile kama ilivyo, kwa kuwa kwa sasa imekuweka shahidi wa jambo usilolijua. Mwandikie: "To be clear, I meant that he may not have seen the message. I don't know whether he did." Sentensi hiyo ya pili iandike hata kama unaona ya kwanza inatosha.